Waliofundisha watu kuishi na sindano

Ukimuuliza mtu yeyote aliyepita sekondari ni nani waliogundua insulini, kama hakuwa analala kwenye kipindi cha baiolojia atakutajia Banting na Best. Ukienda kwa waliosoma zaidi watakuongezea Macleod na Collip, na watakusimulia ugomvi wa mabwana hao wanne juu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923. Hiyo ni hadithi tamu na imeandikwa sana. Mimi leo nina swali jingine, ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipotumwa kuandika habari ya Siku ya Kisukari Duniani: dawa ilipopatikana, ni nani aliyemfundisha mgonjwa kuitumia nyumbani kwake bila kujiua?

Gazetini nilipewa maneno mia nne, na mhariri akayafanya mia mbili na hamsini. Humu ndani hakuna mhariri, kwa hiyo vuta kiti.

Ninaposema "bila kujiua" sitanii. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye chembe za mwili. Huwezi kuimeza, kwa sababu ni protini, na tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya mshikaki. Lazima idungwe. Kwa mgonjwa ambaye kongosho lake limekufa kabisa, inadungwa kila siku hadi mwisho wa maisha. Akidunga kidogo mno, sukari inapanda, mwili unaanza kuchoma mafuta, damu inajaa tindikali na mtu anazimia baada ya siku chache. Akidunga nyingi mno, au akidunga sawasawa halafu asile, sukari inashuka: anatoka jasho, anatetemeka, anaongea kama mlevi, anaanguka. Huyu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Sasa fikiria dawa ya namna hiyo anakabidhiwa mkulima, mama wa nyumbani au mtoto wa shule, halafu daktari anapanda gari lake anaondoka.

Tuanzie Toronto, Kanada, lakini hatutakaa sana huko. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyotokana na kongosho la ng'ombe. Haikufanya kazi vizuri. Collip akarudi maabara akaisafisha, na tarehe 23 mwezi huo huo kijana akadungwa tena, na safari hii sukari ikashuka. Hapo ndipo vitabu vingi hupiga makofi na kufunga sura.

Sasa twende Boston, Marekani, na turudi nyuma miaka kama kumi, kabla insulini haijapatikana. Hapa ndipo jibu la swali langu lilipo.

Kulikuwa na daktari anaitwa Elliott Joslin, mzaliwa wa Oxford, Massachusetts, mwaka 1869. Alianza kutibu watu Boston mwaka 1898 na akajichagulia ugonjwa ambao wenzake waliukimbia, kwa sababu ulikuwa hauna dawa. Mama yake mzazi naye alikuwa nao. Enzi hizo mtoto wa miaka kumi akiambiwa ana kisukari, wazazi walihesabu mwaka mmoja na ushee, wakaanza kujiandaa. Njia pekee iliyoonekana kurefusha maisha ilikuwa ya daktari mwingine, Frederick Allen, nayo ilikuwa ya kikatili: kumnyima mgonjwa chakula. Si kupunguza ugali na soda, hapana. Mgonjwa alifungishwa kabisa mpaka sukari ipotee kwenye mkojo, kisha akarudishiwa chakula kidogo kidogo, mboga zikichemshwa mara tatu na maji yake kumwagwa ili kila chembe ya wanga itoke. Wengine waliishi kwa kalori 400 kwa siku. Watoto walibaki mifupa mitupu, lakini walikuwa hai.

Mpango kama huo daktari hawezi kuusimamia kwa kupita wodini asubuhi na kusoma chati. Unahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, kupima kila kipande cha kabichi kwenye mizani, kukagua mifuko ya mtoto kama kaficha mkate, kuuchukua mkojo na kuupima. Kipimo chenyewe kilikuwa ni kazi ya jikoni: matone manane ya mkojo ndani ya dawa ya rangi ya bluu iliyotengenezwa na mkemia Stanley Benedict, unachemsha kwa dakika kadhaa, unatazama. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, kuna hatari.

Kazi hiyo ilifanywa na manesi. Joslin aliona jambo ambalo madaktari wengi hawakuliona, au waliliona wakalidharau: kwamba mgonjwa akitoka hospitali, nesi habaki naye. Kwa hiyo nesi lazima amgeuze mgonjwa kuwa nesi wa nafsi yake mwenyewe. Mwaka 1918, miaka minne kabla ya insulini, akatoa kitabu kidogo cha mwongozo kilichokusudiwa kusomwa na daktari na mgonjwa kwa pamoja. Zingatia neno hilo, kwa pamoja. Wakati huo kumwonyesha mgonjwa kitabu cha daktari ilikuwa kama kumpa abiria usukani.

Kwa maneno mengine, darasa lilitangulia dawa. Insulini ilipofika Boston ilikuta wagonjwa wanaojua kupima chakula, wanaojua kusoma rangi ya mkojo wao, na manesi wenye miaka ya uzoefu wa kufundisha mambo hayo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu insulini ilifanikiwa haraka mikononi mwa watu kama Joslin. Huwezi kuiweka dawa hii juu ya ujinga ikasimama.

Halafu kuna hili ambalo lilinifanya niinuke kwenye kiti nikazunguka chumbani. Unajua ni nani alikuwa mgonjwa wa kwanza wa Joslin kudungwa insulini? Alikuwa nesi! Jina lake Elizabeth Mudge, tarehe 7 Agosti 1922. Alikuwa ameishi kwa mlo wa njaa kwa miaka kadhaa na uzito wake ulikuwa umeshuka mpaka kilo kama 31, mwanamke wa miaka zaidi ya arobaini. Joslin alimweleza kama mtu ambaye uzito wake ulikuwa ni mifupa na roho tu. Baada ya wiki chache za sindano alikuwa anatembea barabarani kwa miguu yake. Joslin, aliyekuwa mtu wa dini, alilinganisha aliyoyaona mwaka ule na maono ya nabii Ezekieli kwenye bonde la mifupa mikavu. Simlaumu. Ningekuwepo na mimi pengine ningetafuta aya.

Mwezi huo huo wa Agosti, kule Toronto, aliwasili binti mwingine, Elizabeth Hughes, mtoto wa Charles Evans Hughes, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Binti alikuwa anatimiza miaka 15 na alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Historia inamkumbuka kwa sababu ya baba yake na kwa sababu ya Banting aliyempokea. Mimi naomba tumkumbuke pia mtu wa tatu: nesi wake, Blanche Burgess. Tangu binti alipogundulika na kisukari mwaka 1919, familia ilimwajiri nesi wa kukaa naye. Alimpimia chakula gramu kwa gramu, alisafiri naye, alivumilia kumtazama mtoto akikonda kwa sababu ya mlo ambao yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anausimamia. Kama Elizabeth angekula alivyotaka mwaka 1920, insulini ya mwaka 1922 ingemkuta kaburini. Nesi ndiye aliyemvusha hiyo miaka mitatu. Binti alijifunza kujidunga mwenyewe, akarudi nyumbani, akasoma chuo, akaolewa, akazaa, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Waliopiga hesabu wanasema alidungwa mara 42,000 hivi. Sindano elfu arobaini na mbili, ndugu yangu, na karibu zote bila daktari chumbani.

Haya, insulini imeanza kuuzwa mwaka 1923 na wagonjwa wako kila kona ya majimbo ya New England, wengine mashambani kabisa. Joslin akaanzisha manesi wa kuzunguka. Nesi alipanda treni au gari, akaenda nyumbani kwa mgonjwa, akakaa siku kadhaa mle mle jikoni. Mara nyingine alimfundisha na daktari wa kijiji humo humo, kwa heshima zote, bila kumwambia kwamba anafundishwa. (Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi asiyejua kazi anaijua mbinu hii.)

Somo lenyewe lilikuwa refu kuliko unavyodhani. Bomba la sindano lilikuwa la kioo na sindano ya chuma, vya kuchemshwa kila siku. Sindano ikibutuka, ilinolewa kwenye jiwe. Usidunge mahali pamoja kila siku, maana nyama itavimba na dawa haitanyonywa vizuri: leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumbo. Kula kwa wakati. Ukienda kufanya kazi nzito, kumbuka misuli nayo inakula sukari. Ukisikia kijasho na kutetemeka, usingoje kuuliza mtu, kunywa juisi ya chungwa au weka sukari mdomoni. Na ukiwa na homa, hata kama huli, usiache kabisa kudunga, kwa sababu mwili unaoumwa unahitaji insulini kuliko unaocheza. Hilo la mwisho linawashangaza watu hadi leo. Akili ya kawaida inakuambia kama sijala basi sidungi. Kwa mgonjwa asiye na insulini yake mwilini hata chembe, akili hiyo ya kawaida inaua.

Kulikuwa pia na somo la miguu. Kisukari huua mishipa ya fahamu, mtu anakanyaga msumari asisikie. Joslin na manesi wake waliwafundisha wagonjwa kuosha na kukagua miguu kila siku. Kukagua unyayo hakuhitaji mashine wala pesa, na kunaokoa mguu usikatwe.

Uingereza nao walikuwa na mtu wao, Dk. R. D. Lawrence wa King's College Hospital, London, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari anayesubiri kufa mpaka insulini ilipomwahi mwaka 1923. Mwaka 1934 yeye na mwandishi H. G. Wells walianzisha chama cha wagonjwa wa kisukari. Kilichonivutia zaidi Uingereza, hata hivyo, ni kioja cha bomba la sindano. Mililita moja kwenye bomba lao iligawanywa kwa mistari 20. Insulini nayo iliuzwa kwa nguvu tofauti: kichupa cha yuniti 20 kwa mililita, cha 40, cha 80. Sasa daktari akiandika yuniti 40, je, ni mistari mingapi? Ukitumia kichupa cha nguvu ya 20, ni mistari 40, yaani mililita mbili. Ukitumia cha 40, kila mstari ni yuniti mbili, kwa hiyo mistari 20. Ukitumia cha 80, kila mstari ni yuniti nne, basi ni mistari 10. Mgonjwa aliyebadilishiwa kichupa bila kubadilishiwa hesabu alijipa dozi maradufu au nusu ya dozi. Na hapo tunamzungumzia pengine bibi wa miaka 70 ambaye macho yake yameshaharibiwa na sukari. Ilibidi nesi akae na huyo bibi ahakikishe ameelewa mistari na yuniti ni vitu viwili. Waingereza waliendelea hivyo mpaka mwaka 1983 walipohamia kwenye insulini ya nguvu moja, yuniti 100 kwa mililita, yenye bomba lake. Miaka sitini! Tatizo lililoweza kumalizwa na kiwanda lilibebwa na manesi kwa miaka sitini.

Naomba nitoke kidogo nje ya historia, maana hapa pananigusa. Mama yangu mdogo, ambaye anaishi mkoani, alianzishiwa insulini miaka kadhaa iliyopita kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Akapewa dawa, mabomba, na maelezo ya dakika tatu hivi, ambayo kubwa aliloondoka nalo ni kwamba dawa hii ikae kwenye baridi. Yeye hana friji. Jirani anauza barafu. Mama mdogo, kwa utii wote, akaipeleka kwa jirani, na jirani, kwa upendo wote, akaiweka kule kunakogandisha barafu, maana ndiko kwenye baridi hasa. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka hairudi. Sukari ikapanda. Kliniki wakaona dozi haitoshi, wakaiongeza. Ikapanda tena, wakaongeza tena. Halafu kichupa kikaisha, akapewa kipya, na siku hiyo friji la jirani lilikuwa limeharibika, kwa hiyo kikakaa nyumbani kivulini. Akadunga ile dozi iliyokwisha kuongezwa mara mbili, safari hii ya dawa nzima. Saa mbili baadaye alikutwa chini jikoni.

Aliyemwokoa ni nesi mstaafu wa mtaani pale. Alimpaka sukari ndani ya shavu, akapata gari la kumkimbiza hospitali, na siku aliporudi akamwuliza swali moja tu: "Hebu nioneshe unapoiweka." Hakuuliza "unaiweka kwenye baridi?" Jibu la hilo lingekuwa ndiyo. Alitaka kuona. Mama mdogo yuko hai na anaendelea vizuri, na ana mtungi wa udongo ambao hataki mtu auguse. Ndiyo maana naandika habari hii kwa hasira kidogo. Nesi yule alifanya kwa dakika kumi kile ambacho kliniki ilishindwa kufanya kwa mwezi.

Turudi kwenye miaka yetu. Katikati ya miaka ya 1950 vikaja vidonge vya kushusha sukari, na vikaleta uvivu. Kidonge hakina bomba, hakina hesabu ya mistari, basi wengi wakaona hakihitaji darasa: kunywa asubuhi, nenda. Lakini baadhi ya vidonge vile, kama kloropropamaidi, vilikaa mwilini muda mrefu sana. Mzee aliyekunywa asubuhi akakosa hamu ya kula angeweza kushukiwa na sukari, akapewa chai ya sukari akazinduka, kisha akashukiwa tena usiku watu wakiwa wamelala. Kidonge kingine, fenfomini, kiliondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 baada ya kusababisha vifo kwa kujaza tindikali kwenye damu. Ndugu yake, metfomini, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957, ipo mpaka leo na ni salama zaidi, ila nayo ina somo lake: inywe pamoja na chakula, la sivyo tumbo litakuchafuka utaiacha.

Na homoni nyingine hazikuwa tofauti. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanaume wa miaka 34 aliyetumia kotisoni kwa miezi mingi kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, kisha akafa baada ya operesheni ya nyonga. Tezi zake zilizo juu ya figo zilikuwa zimesinyaa kwa kukosa kazi, zikashindwa kumwinua wakati wa shida. Tangu hapo somo likawa: dawa hii usiikatishe ghafla, na kila daktari atakayekugusa lazima ajue kwamba unaitumia. Mtu wa kukuambia hivyo mlangoni wakati unatoka na dawa zako, mara nyingi, ni nesi.

Je, Joslin alikuwa na uhakika kwamba jasho lote hili lina faida? Yeye alikuwa na imani. Ushahidi wa kuwanyamazisha wapinzani hakuwa nao. Na wapinzani walikuwepo. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa New York, Edward Tolstoi, aliwaambia watu kwamba mgonjwa adunge insulini ya kumwezesha kujisikia vizuri, ale anavyotaka, na sukari kwenye mkojo asiijali sana. Unaweza kukisia wagonjwa walimpenda nani. Ugomvi huo ulidumu hata baada ya Joslin kufariki mwaka 1962 akiwa na miaka 92. Ulikatwa mwaka 1993, pale matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada yalipochapishwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka sita na nusu. Kundi lililobana sukari yake lilipunguza uwezekano wa kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76, na madhara ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Kulikuwa na gharama pia: sukari kushuka vibaya kulitokea kama mara tatu zaidi.

Ukisoma kilichofanyika kwenye kundi hilo, dawa ilikuwa ile ile ya kundi lingine. Tofauti ilikuwa ni kujidunga mara tatu au zaidi kwa siku au kutumia pampu, kujipima damu mara nne, kuja kliniki kila mwezi, na simu. Simu nyingi sana. Kwa lugha nyingine, lilikuwa darasa lisilofungwa, na waliokuwa wanapiga na kupokea simu hizo kwa sehemu kubwa walikuwa manesi na wataalamu wa lishe.

Mambo ya simu hayakuwa mapya. Miaka 21 kabla ya hapo, mwaka 1972, madaktari Leona Miller na Jack Goldstein walieleza walichofanya kwenye hospitali ya umma ya Los Angeles, hospitali ya watu maskini. Waliweka namba ya simu ambayo mgonjwa wa kisukari anaweza kupiga akiwa na shida, wakawapa manesi waliosomeshwa vizuri mamlaka ya kusikiliza na kuelekeza. Wagonjwa waliokuwa wanaletwa wamezimia kwa kisukari walipungua kwa takriban theluthi mbili. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Mimi ningewapa tuzo, lakini tuzo hupewa wenye maabara.

Na hapa kwetu? Muhimbili, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari walioonekana Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987, na wakachapisha matokeo Uingereza mwaka 1990. Miongoni mwa waliokufa, wengi walikufa kwa tindikali kwenye damu na kwa maambukizi. Mambo hayo mawili Boston walikuwa wamekwisha kuyafundishia wagonjwa dawa yake tangu enzi za treni: usiache kudunga ukiumwa, kagua miguu, wahi ukiona dalili. Najua utaniambia kwamba miaka ile ya 1980 insulini yenyewe ilikuwa ya kubahatisha nchini, foleni zilikuwa za sukari ya mezani sembuse dawa. Kweli. Darasa bila kichupa halimsaidii mtu. Lakini kichupa bila darasa nimekwisha kukuonesha kilivyomlaza mama yangu mdogo sakafuni.

Ule mtungi wake nao si ushamba. Maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje hubeba joto, ndani kunabaki ubaridi wa kiasi, na kisayansi ni sahihi kuliko friza ya jirani. Kule kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, tatizo lilikuwa hilo hilo. Kwa kuwa maelekezo ya viwanda yalidai friji, na mahema hayana friji, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku, wengine zaidi ya mara moja, wakidungwa na kurudi. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi, likicheza kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiga joto hilo maabara na kuweka insulini humo kwa wiki nne. Mwaka 2021 walitangaza kwamba haikuwa imepoteza nguvu ukilinganisha na iliyokaa kwenye baridi.

Kilichofuata pale kambini kingemfurahisha sana yule mzee wa Boston. Wagonjwa walifundishwa kujidunga, kujipima, kujua sukari ikishuka inajisikiaje na pa kuiweka dawa. Halafu wakakabidhiwa vichupa vyao, wakaenda navyo nyumbani.